Kapulingi ipi, klachi ipi? Ulinganisho kwa mwenye mashine ya posho, pampu, taksi, boda na trekta

Anayenunua mashine ya posho hupigania bei ya mota, hupigania bei ya kinu, kisha kile kipande kinachounganisha shafti hizo mbili humwachia fundi: "Weka yoyote inayoingia." Hapo ndipo punguzo lote alilolipata linapopotea. Katika kila mtambo unaozunguka ipo sehemu itakayoshindwa kwanza, utake usitake, na unapochagua kapulingi au klachi unaichagua sehemu hiyo. Ikiwa ni mpira unaopatikana Kisenyi, Kampala, au kwenye duka la mji wako, kesho asubuhi unasaga. Ikiwa ni shafti ya kinu, beringi za mota au gia za trekta, kazi inalala mpaka zipatikane pesa za maana. Kwa hiyo katika ulinganisho huu siulizi tu ipi ina nguvu zaidi. Nauliza kila mara: mzigo ukizidi, kinavunjika nini, na nani wa karibu anaweza kukirudisha?

Kazi mbili ambazo watu huzichanganya

Kapulingi huunganisha shafti mbili ziende pamoja muda wote mashine inapofanya kazi. Ukitaka kuzitenganisha unazima mashine na kushika spana. Klachi huunganisha na kuachanisha huku injini ikiendelea kuzunguka. Swali la kwanza basi halihusu chapa wala bei. Ni hili: mzigo wangu unaweza kuondoka pamoja na mota bila kuikaba?

Pampu ya maji ya kawaida, ile yenye pangaboi ndani ya nyumba ya chuma, huanza ikiwa nyepesi kwa sababu mzigo wake hukua kadiri kasi inavyokua. Hiyo inahitaji kapulingi tu. Gari lililosimama kwenye kilima cha Kabale halina bahati hiyo. Injini ya petroli au dizeli ikisimama haina nguvu hata kidogo, lazima iwe inazunguka kwanza, kwa hiyo bila klachi ya aina fulani gari haliondoki. Basi la umeme kama Kayoola ya Kiira Motors halihitaji klachi ya kuondokea, maana mota ya umeme husukuma tangu mzunguko wa kwanza. Kinu kilichojaa mahindi umeme unapokatika kiko katikati ya hali hizi mbili, nami nitakikalia zaidi huko mbele, kwa kuwa ndicho kinachounguza mota nyingi vijijini na mijini.

Hesabu moja kabla ya kwenda dukani

Chukua kilowati za mota, zidisha kwa 9550, gawanya kwa mizunguko kwa dakika. Jibu ni nguvu ya kuzungusha kwa newtoni-mita. Mota ya kilowati 15 inayozunguka mara 1450 kwa dakika, kasi ya kawaida ya mota ya ncha nne za sumaku kwenye umeme wetu wa hezi 50, inatoa karibu newtoni-mita 99. Mota ndogo iendayo polepole inaweza kuhitaji kapulingi kubwa kuliko mota kubwa iendayo kasi, na hapo ndipo wengi hudanganyika wakichagua kwa macho.

Namba hiyo peke yake haitoshi. Mzigo unaopiga unahitaji kapulingi kubwa kuliko mzigo laini. Pampu ya maji inayoendeshwa na mota ya umeme unaweza kuizidishia 1.25 tu ukalala salama. Kinu cha nyundo au mashine ya kuponda kokoto, zidisha kwa 2 hivi. Injini ya dizeli ya silinda moja iongezee tena, kwa sababu haiisukumi shafti sawasawa: inapiga, inapumzika, inapiga. Mota ile ya kilowati 15 ikiendesha kinu cha nyundo itafutiwe kapulingi iliyoandikwa newtoni-mita 200 au zaidi. Muuzaji asiyekuwa na karatasi ya namba hizo anakuuzia kwa kipenyo cha tundu, na tundu kuingia shafti si ushahidi wa chochote.

Kapulingi ngumu au yenye kunyumbulika

Kapulingi ngumu ni flenji mbili (sahani nene za chuma zenye matundu) zilizokazwa kwa boliti, au bomba la chuma lililovishwa shafti zote mbili. Ni rahisi, fundi yeyote wa Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala, mwenye mashine ya kukereza anaitengeneza, na haina cha kuchakaa. Watu huiona kama ya kishamba, lakini mitambo mikubwa kabisa nchini Uganda imeunganishwa hivyo. Kituo cha umeme cha Bujagali kina mitambo mitano ya megawati 50 kila mmoja, na katika mitambo ya wima ya aina hiyo shafti ya tabini hukazwa moja kwa moja kwenye shafti ya jenereta kwa flenji ngumu. Inafanya kazi kwa sababu shafti zile hunyooshwa kwa vipimo vya sehemu ndogo za milimita, zikiwa juu ya zege ambalo haliendi popote, chini ya macho ya watu ambao kazi yao ni hiyo tu.

Mashine ya posho iliyokaa juu ya fremu ya angle bar kwenye sakafu iliyopasuka haiko hivyo. Ukiiwekea kapulingi ngumu, kila mzunguko shafti inapindwa kidogo na kurudishwa. Chuma hakilalamiki siku ya kwanza. Baada ya mamilioni ya mizunguko ufa huanza kwenye njia ya kii (mfereji wa kipande kinachoifunga kapulingi kwenye shafti) na shafti hukatika mviringo, imenyooka kama iliyokatwa kwa msumeno. Ukiona mkatiko wa namna hiyo usimlaumu aliyeuza chuma. Kilichovunjika ni sehemu ghali zaidi, maana kapulingi ilikuwa imara kuliko shafti.

Uamuzi wangu hapa ni mfupi. Kama huna fremu ngumu ya kweli na mtu anayejua kutumia kipimo cha saa (chenye mshale kama saa, kinachosoma sehemu ndogo za milimita), achana na kapulingi ngumu.

Za mpira: nyota, pini na bushi, tairi

Hapa ndipo chaguo la watu wengi lilipo, na hapa tofauti ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye kaunta.

Kapulingi ya meno yenye nyota ya mpira katikati ni vichwa viwili vya chuma ambavyo meno yake yanaingiana, na mpira wenye umbo la nyota huzuia chuma kisiguse chuma. Ni nafuu, ni ndogo, na ina sifa moja ninayoithamini sana: mpira ukikatika kabisa, meno ya chuma hushikana na mashine huendelea kuzunguka kwa kelele. Kwa winchi au kitu kinachoinua mzigo, sifa hiyo inaokoa maisha. Kwa kinu, kelele hiyo ni onyo, na mwenye mashine anayeendelea kusaga juu ya kelele anakula meno ya kapulingi yenyewe.

Mipira ya nyota haifanani hata ikiwa na umbo moja. Mweusi wa kawaida, wa nitraili, unavumilia oili na joto la nyuzi 100 hivi, na ndio laini zaidi, unaomeza mipigo vizuri. Wa poliyurithani hubeba karibu mara moja na nusu ya mweusi lakini huanza kulegea joto likipita nyuzi 70. Wa haitreli (Hytrel) hubeba mara tatu, huhimili nyuzi 120, lakini ni mgumu na haumezi mpigo. Kosa la kawaida ni hili: mpira mweusi unakatika mara kwa mara, mwenye mashine anaweka ule mgumu zaidi, mpira haukatiki tena, na baada ya msimu mmoja beringi za mota zimekwisha. Mpira haukuwa mbovu. Ulikuwa unasema shafti hazijanyooka au kapulingi ni ndogo.

Kapulingi ya pini na bushi ni flenji mbili, moja ina pini za chuma, nyingine ina matundu yenye bushi za mpira. Ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu aliye mbali na Kampala, tuseme yuko Moroto au Arua. Flenji zake hukerezwa kokote penye mashine, bushi huuzwa moja moja, na unazibadilisha bila kusogeza mota: unafungua nati, unachomoa pini, unavisha bushi mpya, unarudisha. Udhaifu wake ni kwamba inavumilia upotofu mdogo sana wa shafti. Fundi akitoboa matundu bila kugawa mduara sawasawa, pini mbili kati ya sita hubeba mzigo wote na bushi zake huisha huku nyingine zikiwa mpya. Kabla hujalipa, geuza flenji moja tundu moja mbele na uijaribu tena. Ikigoma kuingia, matundu hayako sawa.

Ya tairi ndiyo laini kuliko zote. Ni mpira kama tairi ndogo uliobanwa kati ya flenji mbili, na huvumilia shafti kupishana kwa pembe ya nyuzi 4 hivi na milimita kadhaa za kupishana pembeni. Kwa injini ya dizeli ya silinda moja ni dawa, kwa sababu ulaini wake hupunguza ile mipigo kabla haijafika kwenye mzigo. Injini ya viharusi vinne inayozunguka mara 2000 kwa dakika huwaka mara 1000 kwa dakika, karibu mara 17 kila sekunde, na shafti ngumu hupokea kila mpigo mzima mzima. Lakini tairi ikipasuka, mashine inasimama papo hapo, hakuna meno ya kushikana. Tena tairi ya mpira wa asili haipendi joto linalopita nyuzi 50, kiwango ambacho chumba cha injini chenye paa la mabati hukifikia bila taabu mchana wa kiangazi. Uliza ya kloroprini, inayokwenda hadi nyuzi 70, na uikinge na dizeli inayovuja.

Mpira hausamehe ulegevu wa fundi

Katika habari hii yote, jambo ambalo watafiti wa mashine wamelithibitisha tena na tena, na mafundi wengi bado hawalikubali, ni kwamba kapulingi inayonyumbulika haiondoi madhara ya shafti zisizonyooka. Inayahamisha. Inaponyumbulika inasukuma, na msukumo huo unaishia kwenye beringi. Beringi ya gololi ina hesabu yake: mzigo ukiongezeka mara mbili, umri hupungua mara nane. Kwa hiyo beringi iliyopaswa kudumu miaka minne inakufa ndani ya nusu mwaka, na kapulingi inaonekana nzima kabisa.

Katalogi ikisema nyota ya mpira inavumilia milimita 0.3 za kupishana, maana yake mpira hautakatika. Haisemi beringi zitafurahi. Kwa mota ya mizunguko 1500 lenga milimita 0.1 au chini yake. Rula ya chuma iliyonyooka na fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), ukipima juu, chini na pande mbili za kapulingi, zitakufikisha karibu. Kipimo cha saa kitakufikisha kabisa, na kukikodi kwa siku moja ni nafuu kuliko beringi mbili.

Na injini inapanda ikipata moto. Chuma cha kalibu chenye kimo cha milimita 300 kikipata joto la nyuzi 50 zaidi hurefuka kwa milimita 0.15 na ushee. Ukinyoosha asubuhi injini ikiwa baridi, saa sita mchana haijanyooka tena. Fundi mzuri huiweka injini chini kidogo makusudi, kisha huiendesha hadi ipate moto, huizima na kupima tena.

Za chuma tupu, kwa haraka

Kapulingi ya mnyororo, yaani sproketi mbili zilizofungwa kwa mnyororo wa safu mbili, inabeba mzigo mkubwa kwa umbo dogo, na mnyororo wake unapatikana kirahisi. Ni nzuri kwa mizigo iendayo polepole kama konveya. Isifungwe bila kifuniko chenye grisi. Ikikauka inajisaga.

Kapulingi ya gia hubeba zaidi ya zote kwa kipenyo chake na ndiyo ya viwanda vizito: saruji ya Tororo na Hima, sukari ya Kakira na Kinyara, kwenye mitambo ya namna hiyo utaikuta. Inataka grisi ya aina yake kwa ratiba isiyorukwa, na nyingi hufa kwa kukosa grisi kabla hazijafa kwa mzigo. Ile ya visahani vyembamba vya chuma haitaki grisi kabisa na haina ulegevu wa kuchezacheza hata kidogo, ndiyo maana hupendwa kwenye mashine za kasi. Lakini visahani vikipindwa kupita kipimo hupasuka bila onyo. Mtu wa mashine ya posho asinunue hata moja kati ya hizi mbili. Si kwa sababu ni mbaya, ila sehemu yake inayovunjika haipo kwenye duka la jirani.

Kapulingi au mkanda?

Swali hili huulizwa kila mara, na jibu linategemea kasi. Kinu cha nyundo hutaka kasi kubwa, mara nyingi karibu mizunguko 3000 kwa dakika. Mota ya ncha mbili, inayozunguka kama mara 2900, unaiunganisha kwa kapulingi moja kwa moja. Injini ya dizeli ya mizunguko 2000 haifiki huko bila pulei na mikanda. Hapo hakuna ubishi, mkanda ndio njia.

Pale ambapo zote zinawezekana, mkanda hupoteza asilimia 5 hivi ya nguvu ukiwa mpya na umekazwa vizuri, zaidi ukilegea, na huvuta beringi upande mmoja saa zote. Kapulingi haipotezi kitu cha kuhesabika. Lakini mkanda huteleza kipande cha chuma kikiingia kinuni, na kuteleza huko kunaokoa shafti. Ndiyo maana simcheki mwenye kinu anayeng'ang'ania mikanda kwenye soko ambalo mahindi huja na mawe na misumari. Anajua mahindi yake.

Kinu kimejaa, umeme umekatika

Sasa twende kwenye kisa chenyewe. Umeme unakatika kinu kikiwa na mahindi ndani. Unaporudi, mota iliyofungwa kwa kapulingi ya kawaida lazima iondoe kinu na mahindi yake kutoka kwenye kusimama. Mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara 6 hadi 8 ya kawaida mpaka ishike kasi, na isiposhika, inaungua. Wengi hutegemea stata ya nyota na delta, swichi inayoiwasha mota kwa hatua mbili. Ni nzuri kwa laini ya umeme, lakini kwenye hatua ya nyota mota hutoa theluthi moja tu ya nguvu yake ya kuondokea. Kinu kilichojaa hakiondoki kwa theluthi. Kinanguruma mahali pamoja, stata inaruka kwenda delta, na mkondo ule ule mkubwa unakuja.

Dawa ya kwanza haihitaji kununuliwa: funga mlango wa mahindi kila umeme unapokatika na usafishe kinu kabla ya kuwasha. Asiyeweza kuwategemea wafanyakazi wake kwa hilo ana njia tatu.

Klachi inayojishika kwa kasi ina viatu vya msuguano vinavyotupwa nje mota inapozunguka, kama kwenye mashine za kushindilia udongo za wajenzi. Mota huanza tupu, ikishika kasi viatu hukamata, na mzigo huondoka taratibu. Mzigo ukikaba, viatu huteleza. Kinachokufa ni bitana za viatu, yaani tabaka lao la msuguano, na fundi wa breki wa mjini anaweza kuzibandika upya. Kwa mota za kati, hili ndilo chaguo langu.

Kapulingi ya mafuta haina msuguano wa vitu vikavu. Ndani yake gurudumu moja hutupa mafuta kwenye jingine. Mjerumani Hermann Föttinger aliipatia hataza wazo hilo mwaka 1905, na mpaka leo mashine za kuponda mawe na konveya ndefu huitegemea. Huanza laini kuliko kitu chochote, na daima upande wa mzigo hubaki nyuma kwa asilimia 2 hadi 4. Ina kizibo chenye kiini cha metali laini kinachoyeyuka mafuta yakipata moto kupita kiasi, mara nyingi nyuzi 140 au 160, mafuta yakamwagika na mota ikabaki salama. Kizibo hicho ndicho sehemu dhaifu iliyochaguliwa na mtengenezaji. Anayekibadilisha kwa boliti ya kawaida anafunga chombo cha mafuta ya moto yasiyo na pa kutokea, mbele ya watu wanaofanya kazi pale. Hilo lisifanyike kabisa, hata kwa saa moja.

Njia ya tatu si ya chuma: kibadilishi cha kasi cha umeme kinachoinua mizunguko polepole. Kinatoa nguvu nzuri ya kuondokea na bei yake imeshuka. Lakini kinu kikikabwa ghafla, chuma bado kinagonga chuma, na kisanduku chenyewe kikifa hakitengenezwi Katwe. Vumbi la unga likijaa ndani yake, kitakufa.

Barabarani: klachi kavu ya taksi, klachi ya oili ya boda

Klachi ya taksi ni sahani moja yenye bitana pande mbili, kavu, iliyobanwa kati ya flaiwili (gurudumu zito la injini) na presha pleti (bamba la kubana). Ukavu huipa msuguano mkubwa, kwa hiyo sahani moja inatosha, lakini hewa huondoa joto polepole. Klachi ya boda ni sahani nyingi ndogo zinazoogea oili ya injini. Msuguano wake ni mdogo ndio maana sahani ni nyingi, na oili hubeba joto, kwa hiyo huvumilia kuteleza kwingi kwenye foleni za Kampala.

Hesabu ya joto inaeleza kwa nini tabia ya dereva ni muhimu kuliko chapa. Unapoliondoa gari, joto linaloingia kwenye klachi halipungui kuliko nishati ya mwendo ambayo gari limepata, uondoke kwa upole au kwa pupa. Hilo halikwepeki na klachi imeundwa kulibeba. Kinachoua ni kulishikilia gari kilimani kwa klachi badala ya breki. Taksi iliyojaa, ikihitaji newtoni-mita 40 kwenye klachi ili isirudi nyuma huku injini ikizunguka mara 1000, inamwaga zaidi ya kilowati 4 za joto kwenye sahani ile, kama majiko mawili ya umeme yaliyowashwa ndani ya nyumba ya klachi. Gari halijasogea hata hatua.

Bitana za kawaida hushika laini na huisha mapema. Za keramiki huhimili joto zaidi lakini hukamata kwa ghafla, na mpigo huo huenda kwenye giaboksi, kroosi (viungo vya msalaba vya shafti) na difu (gia za ekseli). Kwa lori linalobeba mzigo mzito Malaba hadi Kampala zina nafasi. Kwa taksi ya abiria sizishauri: umeondoa udhaifu kwenye bitana ukauhamishia difu. Na unapofungua nyumba ya klachi usipulize vumbi kwa kompresa. Bitana za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na kwa macho huwezi kujua. Futa kwa kitambaa chenye maji.

Kwa boda, ununuzi wa maana zaidi ni chupa ya oili. Oili nyingi za magari zina dawa za kupunguza msuguano, na klachi iliyo ndani ya oili hiyo huteleza. Tafuta chupa iliyoandikwa JASO MA au MA2, alama za viwango vya Kijapani vya oili ya pikipiki. JASO MB ni ya skuta ambazo klachi yake haimo ndani ya oili. Wengi wamebadilisha sahani nzima mara mbili wakati tatizo lilikuwa kwenye chupa.

Kroosi na trekta

Shafti zinazokutana kwa pembe kubwa huhitaji kroosi, na kroosi moja haizungushi sawasawa. Kwa pembe ya nyuzi 20, shafti ya pili huharakisha na kuchelewa kwa asilimia 6 hivi, mara mbili kila mzunguko. Kroosi mbili zenye pembe sawa na uma zilizolingana hufutana. Propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, ikifunguliwa na kurudishwa jino moja pembeni, gari linatetemeka na fundi anaanza kubadilisha beringi zisizo na kosa. Piga alama ya rangi kabla ya kufungua. Jointi za magurudumu ya mbele, zinazozungusha sawasawa kwa kila pembe, hazina shida hiyo. Adui yao ni mpira wa kukinga uliopasuka ukaingiza mchanga, na mpira huo una bei ndogo sana ukilinganisha na jointi.

Shafti ya nyuma ya trekta, inayozunguka mara 540 kwa dakika, ina kroosi mbili na boliti ya kukatika, inayokatika makusudi mzigo ukizidi. Klachi ya kuteleza ni mbadala wake. Kwa shamba lenye visiki vingi, klachi ya kuteleza hukuepusha kushuka kila dakika, lakini ikikaa msimu mzima bila kufunguliwa hushikana kwa kutu na hailindi tena chochote. Ilegeze mwanzoni mwa msimu, iache iteleze sekunde chache, kisha uikaze kwa kipimo cha kitabu. Kwa mkulima mwenye trekta moja na shamba lililokwisha kusafishwa, boliti inatosha na ndiyo ninayoichagua. Shafti hiyo isizunguke bila kava lake la plastiki: leso au mguu wa suruali ukinaswa, hakuna mtu aliye mwepesi wa kutosha kuuchomoa.

Boliti hizo zinunuliwe za daraja lilelile lililoandikwa kwenye kitabu cha mashine, kadhaa kwa pamoja, zikae kwenye boksi la zana chini ya kiti. Ile ya daraja la 12.9, iliyo ngumu zaidi, anayokupa fundi akisema "hii haitakatika tena, mzee," iache kwenye benchi yake, maana kitakachofuata kukatika ni giaboksi.